SOKO LA SPEA KAGERA: UKITAKA KUSHUSHA GARI DOGO, PIMA KWANZA BARABARA

Katika maduka ya spea za magari mjini Bukoba, springi na shokapu za magari madogo ya Toyota ni bidhaa isiyolala dukani. Mwenye Starlet, Vitz, Passo, IST au Probox anayefanya safari za Bukoba na Muleba hujikuta mbele ya kaunta mara kwa mara, ama kwa sababu springi imekatika, ama shokapu imevuja, ama gari limelala upande mmoja kama mtumbwi uliopakiwa vibaya.

Mteja huyo sasa ana jambo jingine la kuamua. Zamani swali lilikuwa ni kupata spea au kuikosa. Leo swali ni kimo gani. Wapo wanaotaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Wapo wanaotaka linyanyuliwe ili lipande milima ya Kamachumu bila kukwangua tumbo. Na wapo, hasa vijana wa mjini, wanaotaka lishuke kidogo, lijaze nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi, na litulie kwenye kona.

Ukurasa huu wiki hii unawaangalia hao wa mwisho. Kushusha gari kidogo si kosa. Kosa ni kulishusha bila hesabu, kwa sababu gharama yake hailipwi siku ya kufunga. Hulipwa miezi inayofuata, kwa tairi zinazolika upande, bushi zinazokatika na sampo ya oili inayopasuka kwenye tuta.

BARABARA NDIYO MSHAURI WA KWANZA

Barabara kuu ya kutoka Bukoba kwenda kusini inapita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba, safari ya zaidi ya kilometa 60. Katika miaka ya 1990 dereva wa njia hiyo alikuwa mtu wa vumbi wakati wa kiangazi na mtu wa tope wakati wa masika. Lami ilikuja baadaye na ikabadili aina ya magari yanayonunuliwa mkoani. Gari dogo la sentimita 1000, ambalo lisingefikiriwa kwa safari za vijijini, likawa chombo cha kazi.

Lakini lami ina mashimo yake, na ina matuta. Kila penye shule, soko au makutano kuna tuta, na matuta hayafanani. Mengine ni ya mviringo mpole, mengine yamesimama kama ukuta. Isitoshe, safari nyingi haziishii kwenye lami. Mtu akitoka Muhutwe kupanda Kamachumu, au akiingia Nshamba na Rubya, au akigeuka kwenda shambani kubeba ndizi na kahawa, anaweza kukutana na changarawe, mawe na makorongo yaliyochimbwa na maji. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini. Njia iliyopitika Jumatatu inaweza kuwa na mfereji katikati Ijumaa.

Magari madogo mengi ya Japani hutoka kiwandani yakiwa na nafasi ya karibu milimita 140 hadi 160 kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari. Sheria ya ukaguzi ya Japani inadai gari la abiria lisipungue milimita 90. Kipimo hicho kiliwekwa kwa barabara za kule. Mwenye gari wa Muleba akikichukua kama ruhusa, atakuwa amechukua sheria ya nchi nyingine na kuacha barabara yake nyumbani.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo springi ya kampuni gani. Ni hili: gari hili hukanyaga wapi kila wiki, na likibeba nini?

LIMESHUSHWA AU LIMECHOKA?

Kabla ya kutoa hata shilingi, pima. Egesha gari mahali palipo sawa, bila mzigo, tairi zikiwa na upepo unaotakiwa. Chukua futi ya fundi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi lililo juu yake. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne na uandike.

Ukipima kutoka ardhini, tairi lililolika litakudanganya. Ukipima kutoka katikati ya gurudumu, unapata habari ya springi peke yake.

Kama kushoto na kulia vinatofautiana kwa sentimita nzima au zaidi, una springi iliyochoka au iliyokatika mkia. Springi nyingi hukatika koili ya chini, pale panapokaa tope na maji, na mwenye gari hajui hadi gurudumu litolewe. Kama pande zote ni sawa lakini gari liko chini kuliko mengine ya aina hiyo hiyo, kuna uwezekano wa aina mbili. Springi zote zimechoka kwa umri, au gari lilishushwa Japani na mwenye kulitumia kabla hujaliagiza.

Hili la pili linatokea. Ukiona springi nyekundu, ya bluu au ya manjano yenye maandishi ya Tanabe, RS-R, Espelir au TRD, ujue gari lako lilishuka zamani. Mtu wa namna hiyo akienda kununua springi za kushusha anashusha lililokwisha kushuka. Anachohitaji kwanza ni kujua kimo halisi cha kiwandani, kwa kulipima gari la mwenzake lisiloguswa.

KIASI GANI KINAFAA

Springi za kushusha zinazotengenezwa na viwanda vinavyojulikana, vya Japani na hata vya Ujerumani kama Eibach na H&R, kwa kawaida hushusha gari milimita 20 hadi 40. Kwa njia za Kagera, 20 inatosha na 30 ndiyo mwisho wa busara. Gari lenye nafasi ya milimita 150 likishushwa 30 linabaki na 120, hata abiria mmoja hajapanda.

Tuseme gurudumu la nyuma lina nafasi ya milimita 80 za kupanda kabla ya kugonga raba ya kuzuia mgongano, na springi inazama milimita moja kwa kila kilo mbili. Weka abiria watatu kiti cha nyuma na mkungu wa ndizi kwenye buti, yaani kilo 250 nyuma, kilo 125 kila upande. Springi ya kawaida itazama milimita 62 hivi. Zinabaki 18 za kupokea shimo.

Sasa lishushe gari hilo milimita 30. Nafasi ya kupanda imebaki 50. Hata springi mpya ikiwa ngumu kwa asilimia 20, mzigo ule ule utaizamisha milimita 52. Gari limeshakaa juu ya raba kabla halijaondoka stendi. Kila shimo kuanzia hapo linapokelewa na raba, maunti na bodi yenyewe. Abiria atasema gari ni gumu. Kwa kweli gari halina springi tena.

Hesabu hii ndiyo inayowatenganisha watu wawili. Mwenye gari la matembezi, anayekwenda ofisini Bukoba na kanisani Jumapili akiwa na mkewe, anaweza kushusha na akafurahi. Mwenye gari la abiria, yale ambayo watu huyaita michomoko, akishusha anakata mguu wa biashara yake.

KUKATA KOILI: RAHISI YENYE GHARAMA

Njia inayotumika sana mitaani ni kukata koili kwa grenda. Haihitaji kuagiza kitu, na fundi humaliza kabla ya chakula cha mchana. Tuitazame kwa hesabu.

Chukua springi ya mbele yenye koili sita zinazofanya kazi, urefu wa milimita 330 ikiwa huru, inayobeba kilo 300. Ikizama milimita moja kwa kila kilo mbili, itazama 150 na kukaa kwenye 180. Kata koili moja. Urefu wake huru unakuwa 275. Lakini springi fupi ni ngumu zaidi: koili tano badala ya sita maana yake ugumu umepanda kwa asilimia 20. Kwa hiyo itazama 125 tu na kukaa kwenye 150. Gari limeshuka milimita 30.

Ukiishia hapo unaweza kusema kuna ubaya gani? Ubaya unaonekana gari likipaa, yaani gurudumu linapoanguka kwenye shimo au linapoinuliwa na jeki. Tuseme shokapu ikinyooka kabisa nafasi ya springi ni milimita 260. Springi nzima ya 330 inabaki imebanwa kwa 70. Iliyokatwa koili moja inabaki imebanwa kwa 15 tu. Ukikata koili mbili, urefu huru unakuwa 220, na springi inacheza ndani ya nafasi yake kwa milimita 40. Gurudumu likirudi chini kwa kishindo, springi inaweza kukaa nje ya sahani yake. Kwenye kona za mteremko wa Kamachumu hilo si jambo la kujaribia.

Tena mwisho wa springi za kiwandani umetengenezwa ulingane na sahani inayoukalia. Ukiukata, ncha kali inakaa vibaya, inakula rangi, na kutu huanza pale pale. Na kwa springi ambazo mwisho wake umebanwa kuwa mwembamba, hakuna cha kukata kabisa.

Kibaya zaidi ni kuchoma springi kwa gesi ili izame. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wa gereji unaharibu kazi hiyo sehemu moja ya waya. Springi itazama leo, itazama tena mwezi ujao, na mwishoni itakatika. Ukikuta gari unalotaka kununua lina springi zenye doa jeusi la moto, punguza bei au tafuta jingine.

SHOKAPU HAICHAGULIWI PEKE YAKE

Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Siyo. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Shokapu iliyokufa haishushi gari la namna hii, bali huliacha linaruka-ruka, na tairi hulika kwa mabaka.

Springi fupi na ngumu ikiwekewa shokapu ya zamani, shokapu inazidiwa. Inafanya kazi karibu na mwisho wa safari yake ya chini, mahali ambapo haikukusudiwa kuishi. Ndiyo maana anayetaka kushusha hata kidogo anapaswa kununua springi na shokapu pamoja, na kwa jozi: mbele zote mbili, nyuma zote mbili. Kubadili upande mmoja ni kununua gari linalovuta upande.

Kwa milimita 20 hadi 30, shokapu mpya ya urefu wa kawaida kutoka kiwanda kinachojulikana, kama KYB ya Japani, inatosha kwa magari mengi. Zaidi ya hapo inatakiwa shokapu fupi, na hiyo kwa magari yetu madogo ni shida kuipata Bukoba. Zile za kurekebisha kimo kwa nati, ambazo vijana huziita koilova, zinapatikana kwa kuagiza. Lakini nyuzi za nati zikishaota kutu ya tope la Kagera, hazizunguki tena bila nyundo.

Usisahau vitu vidogo: maunti za juu na beringi zake, raba za kuzuia mgongano na mipira ya kukinga vumbi. Raba ile ikiwa imesagika, shokapu mpya itagongana chuma kwa chuma na kufa mapema. Muuzaji anayekuuliza habari ya raba hakupotezei muda. Anakulindia fedha yako.

NAMBA KABLA YA BEI

Spea za magari madogo huingia Bukoba kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni Dar es Salaam, kutoka maduka ya Kariakoo na Ilala, safari ya zaidi ya kilometa 1,300 kwa barabara, au kupitia Mwanza na kuvuka ziwa. Ya pili ni Kampala, ambako soko la Kisekka limejulikana kwa miaka mingi kwa spea za magari. Kutoka huko mzigo hupita Mutukula, mpaka ambao tangu 2017 una kituo cha pamoja cha forodha cha Tanzania na Uganda.

Kampala ni karibu. Lakini nauli, ushuru na hasara ya kurudisha kitu kisichoingia vinaweza kula tofauti yote ya bei. Spea isiyolingana haijali umbali wa soko ilikotoka.

Njia ya kuepuka hasara hiyo ni namba. Kwenye kibati cha gari soma namba ya modeli. Starlet ni EP82 au EP91. Vitz ya kwanza yenye injini ya sentimita 1000 ni SCP10. IST ya 1300 ni NCP60. Passo ya 1000 ni KGC10. Probox ya 1500 ni NCP51, lakini ile inayovuta magurudumu yote manne ni NCP55, na haina mfumo wa nyuma ule ule. Kumwambia muuzaji "nataka springi ya Probox" ni kusema nusu ya sentensi.

Toyota nayo ina mpangilio wa namba za spea. Springi za mbele huanza na 48131, za nyuma 48231. Shokapu ya mbele kulia huanza na 48510, ya kushoto 48520, na za nyuma 48530. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari, na mara nyingi springi hubeba alama za rangi zinazoonyesha ugumu wake. Boksi likisema 48231 na muuzaji anakuambia ni springi ya mbele, mwache na boksi lake.

Jihadhari pia na Probox ya mizigo. Springi zake za nyuma zimetengenezwa kubeba mzigo mzito. Gari dogo la abiria likifungiwa springi za namna hiyo litanyanyuka nyuma kama mbuzi anayelisha bondeni.

MPYA, MTUMBA AU BANDIA

Springi ya mtumba si lazima iwe mbaya. Ikiwa haina kutu iliyochimba na koili zake ni nzima, na jozi ina urefu sawa ikisimamishwa sakafuni, inaweza kufanya kazi miaka. Shokapu ya mtumba ni bahati nasibu. Ikandamize kwa mkono. Ikishuka bila upinzani, ikirudi kwa mikwaruzo au ikiwa na oili kwenye fimbo, iache. Isipoonyesha dalili hizo bado hujui imebakiza kilometa ngapi.

Tufanye hesabu ya mfano. Kila mtu aweke bei zake. Tuseme seti mpya ya shokapu nne ni shilingi 480,000 na ufundi 40,000, nayo inadumu kilometa 60,000. Hiyo ni 520,000. Seti ya mtumba ni 200,000 na ufundi ule ule, inadumu kilometa 20,000. Kufika kilometa 60,000 utafunga mara tatu: 720,000. Anayenunua rahisi amelipa 200,000 zaidi, na gari limelala gereji mara mbili zaidi.

Bandia ni tatizo jingine. Boksi lenye jina la kiwanda kikubwa kwa nusu ya bei ya kawaida linapaswa kukutia shaka, si furaha. Tazama uchapaji wa boksi, ulehemu wa sahani, na kama namba iliyo kwenye boksi ndiyo iliyo kwenye shokapu yenyewe. Dai risiti ya mashine. Bila risiti huna pa kushika ukienda kulalamika Tume ya Ushindani, FCC, wala huna cha kumwonyesha muuzaji akikataa kubadilisha.

Kwa wengi mkoani, fedha za matengenezo makubwa huja na malipo ya kahawa. Anayeharibikiwa kabla ya msimu hununua kilichopo kwa mkopo, na kilichopo si kila mara kinachofaa. Ni heri kufunga springi nzima za kimo cha kawaida sasa kuliko kukata zilizopo kwa kusubiri.

BAADA YA KUFUNGA

Gari likishuka, mkono wa chini wa gurudumu hubadili pembe, na tairi hazitazami tena mbele kama zilivyokuwa. Kwa hiyo alaimenti si ya hiari. Ifanywe baada ya springi kuzoea, si kabla ya wiki moja ya kutembea, na irudiwe tairi zikionyesha kulika upande. Anayeiruka kwa kuokoa fedha atanunua tairi mbili za mbele kabla ya wakati.

Rekebisha taa za mbele, maana gari likishuka mbele zaidi kuliko nyuma taa zinaangalia chini, na likishuka nyuma zinawapofusha wenzako. Angalia kama mabomba ya breki yamekaa vizuri na kama tairi halisugui madigadi usukani ukikunjwa hadi mwisho. Gari lenye vali ya breki ya nyuma inayosoma mzigo lirekebishwe na fundi anayeijua, kwa sababu vali hiyo hudhani gari lililoshuka limebeba mzigo, na huzidisha breki za nyuma.

Wakati wa kufungua, fundi atumie vibano vya springi, si kamba wala bahati. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya.

KAULI YA SOKO

Kwa mwenye gari la matembezi mjini Bukoba, anayeshinda kwenye lami: springi za kiwanda za kushusha milimita 20, shokapu mpya, maunti na raba mpya, kisha alaimenti. Hapo atapata gari lenye sura nzuri na linalotulia.

Kwa mwenye gari moja linalofanya yote, la familia, la shamba na la msiba kijijini: kimo cha kiwandani, springi zilizo nzima. Gari lililolala likirudishwa kwenye kimo chake litapendeza kuliko alivyodhani.

Kwa mwenye gari la abiria au mizigo kati ya Bukoba na Muleba: asishushe kabisa. Na kwa muuzaji wa spea: weka dukani jozi kamili zenye namba, uza springi pamoja na raba zake, na mwulize mteja anakwenda wapi kabla hajauliza bei. Mteja aliyefungiwa spea isiyofaa harudi kununua nyingine kwako. Huenda duka la jirani.